Tour de France 1903: Kiki ya Gazeti Lililokuwa Linazama Ilivyozaa Mbio Kubwa Zaidi za Baiskeli Duniani

Hebu piga picha hii. Uko Nairobi, saa tisa na dakika 16 za alasiri. Umekalia baiskeli ya chuma yenye uzito wa kama kilo 18, gia ni moja tu, na unaambiwa ukimbize hadi Mombasa. Hakuna kulala Mtito Andei wala kubadilisha baiskeli Voi, na hakuna gari la fundi nyuma yako. Giza likiingia, songa. Ukipata pancha, ziba mwenyewe. Kesho yake asubuhi saa tatu ndio unavuka Makupa unaingia kisiwani, uso mweusi kwa vumbi, halafu unaambiwa: hongera mwanangu, hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Zimebaki tano.

Hakuna aliyewahi kuandaa mbio hizo hapa kwetu. Lakini Ufaransa, tarehe 1 Julai 1903, wanaume 60 walifanya kitu kama hicho. Walitoka nje kidogo ya Paris wakaelekea Lyon, kilomita 467. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, kwa hivyo msee wa Pwani hahitaji ramani kuelewa umbali huo. Kila mtu hapa ashawahi kuuhisi mgongoni akiwa kwa basi la usiku.

Hizo ndizo zilikuwa Tour de France za kwanza kabisa. Leo ni mbio zinazotazamwa dunia nzima kila Julai, na jamaa aliyezaliwa Nairobi amezishinda mara nne. Lakini ukichimba zilianzaje, utapata story ya beef, siasa, chapaa na gazeti lililokuwa linatafuta kiki lisife. Twende pole pole.

KWA UFUPI

Jina: Tour de France, awamu ya kwanza
Tarehe: 1 hadi 19 Julai 1903
Hatua: 6
Umbali wote: kilomita 2,428
Walioanza: 60
Waliomaliza: 21
Mshindi: Maurice Garin, Ufaransa (mzaliwa wa Italia)
Muda wake: saa 94, dakika 33 na sekunde 14
Kasi ya wastani: kilomita 25.68 kwa saa
Wa pili: Lucien Pothier
Wa tatu: Fernand Augereau

HATUA MAANA YAKE NINI?

Kabla hatujaendelea, tuelewane. Ukisikia watu wa baiskeli wakisema "steji", hawamaanishi ile ya matatu. Ni hatua moja ya mbio ndefu. Unakimbia leo, muda wako unaandikwa. Unapumzika. Unakimbia tena, muda unajumlishwa. Mwisho wa yote, mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa.

Ndiyo maana mtu anaweza kushinda mbio nzima hata kama hajawa wa kwanza kila siku. Na anaweza kushinda hatua mbili mfululizo na bado asionekane popote kwenye orodha ya jumla. Hili la pili lilimkuta jamaa mmoja 1903, tutafika kwake.

Mbio za baiskeli za barabarani zilikuwapo kabla ya hapo. Kulikuwa na Bordeaux hadi Paris, Paris hadi Roubaix, na ile noma ya Paris hadi Brest na kurudi Paris. Lakini zote zilikuwa za kuanza na kumaliza mara moja. Wazo la kuzunguka nchi nzima kwa hatua, siku 19, wengi waliliona wazimu.

BEEF ILIYOANZISHA YOTE

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Ufaransa iligawanyika katikati kwa sababu ya kesi ya Alfred Dreyfus, afisa wa jeshi Myahudi aliyefungwa kwa kusingiziwa usaliti. Watu waligombana kazini, mezani, hata ndani ya familia. Kuna waliosema ameonewa, kuna waliosema ana hatia.

Gazeti kubwa la michezo wakati huo lilikuwa Le Vélo, likichapishwa kwa karatasi za kijani. Mhariri wake, Pierre Giffard, alikuwa upande wa Dreyfus na hakuficha. Shida ni kwamba baadhi ya matajiri waliolipia matangazo kwenye gazeti lake walikuwa upande wa pili. Mmoja alikuwa Jules-Albert de Dion, mtengenezaji wa magari, mtu wa hasira za karibu. Mwaka 1899 alitiwa ndani siku chache kwa kushiriki vurugu za kisiasa kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Auteuil, ambapo rais wa nchi alishambuliwa kwa bakora. Giffard aliandika kumkosoa. De Dion akaona, kumbe hivi?

Yeye na wenzake, akiwemo Adolphe Clément wa baiskeli na Édouard Michelin wa matairi, wakaanzisha gazeti lao Oktoba 1900. Wakaliita L'Auto-Vélo, wakalichapisha kwa karatasi za manjano ili litofautiane na lile la kijani. Mhariri wakamweka Henri Desgrange, mwanasheria wa zamani aliyegeuka mwanabaiskeli. Huyu hakuwa mgeni kwenye mchezo: mwaka 1893 aliweka rekodi ya saa moja kwa kukimbia kilomita 35.325.

Lakini gazeti halikushika. Giffard akaenda kortini akidai jina lake limeibiwa, na Januari 1903 akashinda. L'Auto-Vélo likalazimika kukata mkia wa jina na kubaki L'Auto. Fikiria wewe ni gazeti la baiskeli halafu huruhusiwi hata kuitaja baiskeli kwenye jina lako! Mauzo yalikuwa kama nakala 25,000 kwa siku, na wenye pesa walianza kuulizana maswali.

MTOTO WA MIAKA 26 NA WAZO LA KICHAA

Novemba 1902, Desgrange aliita kikao cha dharura. Tunafanya nini tuwafunike hawa wa kijani? Aliyejibu ni kijana wa miaka 26, Géo Lefèvre, mwandishi wa habari za baiskeli. Akasema: tuandae mbio za kuzunguka Ufaransa yote, siku nyingi, ndefu kuliko zozote zilizowahi kuonekana.

Desgrange hakurukia wazo. Walikwenda kula mchana, wakaliongelea, na hata hapo alisita. Mtu ambaye wangetarajia akatae ni Victor Goddet, mshika hela wa gazeti, kwa maana mhasibu ndiye huua mawazo ya watu kila ofisi duniani. Huyu akakubali. Aliona hesabu: watu watanunua gazeti kila siku wajue nani anaongoza.

Tarehe 19 Januari 1903 L'Auto likatangaza. Mwanzoni mbio zilipangwa ziwe kuanzia mwisho wa Mei hadi mapema Julai, wiki tano hivi, kiingilio faranga 20. Aibu: waliojiandikisha walikuwa 15 tu. Nani ana mwezi mzima wa kuacha kazi akakimbize baiskeli, tena alipie?

Ikabidi washuke chini. Wakapunguza siku hadi 19, kiingilio kikawa faranga 10, na wakaahidi posho ya faranga 5 kwa siku kwa 50 wa kwanza ambao wangeweka wastani wa kilomita 20 kwa saa au zaidi. Faranga 5 zilikuwa karibu na alichopata mfanyakazi wa kiwandani kwa siku. Zawadi zote zikawekwa faranga 20,000.

Hapo ndipo simu zikaanza kulia, tungesema leo. Walijiandikisha 79, wakafika mstarini 60. Somo ni lile lile hadi leo: ukitaka mtoto wa mtaa aingie kwenye mchezo, kwanza hakikisha hatalala njaa siku ambayo hakufanya kibarua.

WALIKUWA NANI HAWA?

Baadhi walikuwa wanabaiskeli wa kulipwa wenye wadhamini wa kampuni za baiskeli. Wengine walikuwa watu wa kawaida wenye mapaja ya nguvu na ndoto. Mwenye jina kubwa zaidi alikuwa Maurice Garin, umri miaka 32, kimo chake kama sentimita 162. Mfupi, kifua kipana, masharubu, sigara mdomoni.

Garin alizaliwa 1871 Arvier, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, wazazi wake wakahamia Ufaransa kutafuta maisha. Akiwa mtoto alifanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi ya nyumba. Kazi hiyo walipewa watoto wadogo kwa sababu wao ndio wangeweza kujipenyeza ndani. Masizi, kikohozi, malipo kidogo. Hata alipokuwa bingwa, watu waliendelea kumwita msafisha mabomba mdogo.

Kabla ya 1903 alikuwa ameshashinda Paris hadi Roubaix mara mbili, 1897 na 1898, na Paris hadi Brest na kurudi mwaka 1901. Kwa hivyo alipofika mstarini, kila mtu alijua mzee wa kazi ni nani.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Hippolyte Aucouturier, mbabe wa kweli. Weka jina lake kichwani.

BAISKELI ZENYEWE

Ukienda leo kwa fundi yeyote wa baiskeli mtaani kwetu, Mji wa Kale au Majengo, akikuonyesha ile blackmamba ya zamani ya chuma, yenye karia nzito ya kubebea mkate au jerikeni, basi umeshaelewa nusu ya story. Baiskeli za 1903 zilikuwa ndugu za hiyo. Fremu ya chuma, rimu za mbao, gia moja. Na wengi walitumia gurudumu lisiloachia: pedali inazunguka muda wote gurudumu likizunguka. Ukiteremka mlima miguu haipumziki, inazungushwa kwa nguvu utake usitake.

Barabara zilikuwa za udongo na changarawe, mijini mawe. Mvua ikinyesha, matope. Jua likiwaka, vumbi. Wengi walijifunga tairi za akiba mabegani kama mkanda. Hakukuwa na kofia ngumu za kichwa.

Na hatua zilikuwa ndefu kiasi kwamba ilibidi ziende usiku kucha. Waandaaji waliweka vituo njiani ambapo kila mtu alisimama kutia sahihi, na vingine vilikuwa vya siri ili kunasa wanaohepa. Lefèvre mwenyewe, yule mwenye wazo, alisafiri kwa treni na mara nyingine kwa baiskeli akijaribu kuwahi kila mwisho wa hatua. Desgrange alibaki Paris. Bado hakuwa na uhakika kama jambo hili litafaulu au litamwaibisha.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Paris hadi Lyon, kilomita 467. Ilianza 1 Julai mbele ya mkahawa mmoja pale Montgeron, kusini mwa Paris. Aucouturier aliumwa na tumbo vibaya akajiondoa. Garin na Émile Pagie wakatangulia usiku kucha, na Garin akafika Lyon asubuhi baada ya saa 17 na dakika 45. Pagie alikuwa nyuma kwa chini ya dakika moja. Baada ya kilomita 467! Hapo ndipo Wafaransa waliposhtuka: hii kitu ni ya kweli.

Hatua ya 2: Lyon hadi Marseille, kilomita 374. Sheria zilimruhusu aliyejiondoa arudi kugombea hatua nyingine, ingawa kwa jumla ameshatoka. Aucouturier akarudi, na akashinda.

Hatua ya 3: Marseille hadi Toulouse, kilomita 423. Aucouturier tena. Mbili mfululizo, na kwenye orodha ya jumla hayupo. Tumbo la siku moja lilimnyima nafasi ya kumfukuzia Garin kwa dhati.

Hatua ya 4: Toulouse hadi Bordeaux, kilomita 268. Ndiyo ilikuwa fupi kuliko zote, na bado inazidi kutoka Mombasa hadi Malindi na kurudi. Alishinda Charles Laeser wa Uswisi, mgeni wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Yeye pia alikuwa ameshatoka kwenye hesabu ya jumla.

Hatua ya 5: Bordeaux hadi Nantes, kilomita 425. Garin.

Hatua ya 6: Nantes hadi Paris, kilomita 471. Ndefu kuliko zote, ikawekwa mwisho kama adhabu. Garin tena. Hatua ilimalizika Ville-d'Avray, kisha wanaume wakaingia uwanja wa Parc des Princes kusalimia umati.

Katikati ya hatua kulikuwa na mapumziko ya siku kadhaa, isipokuwa kati ya ya nne na ya tano ambapo waliondoka karibu papo hapo. Aliyeongoza alivaa kitambaa cha kijani mkononi. Ile jezi ya manjano tunayoijua leo haikuwapo bado, ilikuja 1919 na rangi yake ni ile ya karatasi za L'Auto.

Garin alimshinda Pothier kwa karibu saa tatu nzima. Leo bingwa anaweza kushinda kwa dakika chache au hata sekunde. Aliyefika wa mwisho, Arsène Millocheau, alikuwa nyuma ya Garin kwa zaidi ya saa 64. Usimcheke. Wenzake 39 hawakufika kabisa.

NANI ALIKULA PESA?

Garin aliondoka na jumla ya faranga 6,075. Kwa mtoto aliyekulia ndani ya mabomba ya moshi, aliomoka. Baadaye maishani alifungua kituo cha mafuta huko Lens, mji alioishi hadi kifo chake 1957.

Lakini mshindi mkubwa zaidi alikuwa gazeti. Mauzo ya L'Auto yalipanda kutoka kama 25,000 hadi kama 65,000 kwa siku. Le Vélo likafunga mwaka uliofuata. Na utamu wa story: Giffard, yule mhariri wa kijani, baadaye alipewa kazi na Desgrange kwenye gazeti lile lile lililomzika. Biashara haina adui wa kudumu.

MWAKA WA PILI NDIO NUSURA UIUE

Ungedhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Wapi! Tour ya 1904 ilikuwa vita. Watu walimwaga misumari barabarani. Karibu na Saint-Étienne mashabiki wa kijana wao walivamia wapinzani wake usiku na kuwapiga, Garin akiwa mmoja wa walioumia. Na wakati mashabiki wanapigana, baadhi ya wanabaiskeli walishukiwa kupanda treni na magari gizani.

Garin alifika wa kwanza tena. Lakini mwishoni mwa mwaka, shirika la baiskeli la Ufaransa likafuta matokeo ya wanne wa kwanza wote: Garin, Pothier, César Garin ambaye ni mdogo wake Maurice, na Aucouturier. Ushindi ukaenda kwa Henri Cornet, aliyekuwa na miaka 19. Hadi leo hakuna aliyeshinda Tour akiwa mdogo kuliko yeye.

Desgrange aliandika kwamba Tour imekwisha. Haikuisha. Wakabadilisha: hatua zikafupishwa ili usiku upungue, na kwa muda ubingwa ukahesabiwa kwa pointi. Udanganyifu hufichwa na giza, kwa hivyo waliuondoa giza.

Hili linatia doa 1903 pia, kwa maana majina ni yale yale. Lakini matokeo ya mwaka wa kwanza hayakufutwa, na Garin anabaki kwenye vitabu kama bingwa namba moja.

FUNDI NI WEWE MWENYEWE

Kuna kisa kimoja cha baadaye ambacho kila fundi wa baiskeli angekipenda. Mwaka 1913, Eugène Christophe alikuwa akiteremka milima ya Pyrenees, yuko vizuri, anaweza kushinda Tour. Uma wa mbele ukakatika. Sheria ya Desgrange ilikuwa kavu: hakuna kusaidiwa. Christophe akabeba baiskeli begani, akatembea kilomita zaidi ya kumi hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akatafuta karakana ya mhunzi, akauchomea uma mwenyewe kwa saa kadhaa huku wasimamizi wakimtazama.

Halafu wakamwadhibu kwa kumwongezea dakika. Kosa? Alimwacha mtoto wa pale amvutie mvukuto wa moto, kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa imejaa. Tour akaikosa. Miaka sita baadaye, 1919, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuvaa jezi ya manjano.

NA SISI HUKU TULIKUWA WAPI?

Mwaka 1903 Mombasa ilikuwa na mwendo wake. Reli iliyoanzia hapa 1896 ilikuwa imeshafika Ziwa Victoria miaka miwili nyuma. Ngome ya Yesu ilikuwa jela. Kisiwani, wenye uwezo walisafiri kati ya Mji wa Kale na Kilindini kwa ghari, vigari vidogo juu ya reli nyembamba vilivyosukumwa na watu kwa mikono. Yaani wakati Garin anasukuma pedali, huku kuna mwanamume anasukuma mwenzake aliyekaa kwenye kiti chini ya kivuli. Jasho ni lile lile, lakini huyu wa ghari hakuandikwa na gazeti lolote.

Afrika Mashariki ilichelewa kwenye mbio za hatua, lakini haikukosa. Eritrea, chini ya ushawishi wa Waitalia walioleta baiskeli, ilifanya mbio zake za kuzunguka nchi mwaka 1946. Rwanda ilianza Tour du Rwanda 1988, na kuanzia 2009 ikaingia kwenye kalenda ya shirika la kimataifa la baiskeli. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kuishinda tangu ipande ngazi hiyo, na Kigali ikalipuka. Mwaka 2017 Mkenya Suleiman Kangangi, aliyejulikana kama Sule, alimaliza wa tatu kwenye mbio hizo. Septemba 2025 Kigali ikaandaa ubingwa wa dunia wa barabarani, mara ya kwanza Afrika.

Kenya yetu? Chris Froome alizaliwa Nairobi 1985. Aliyemfundisha kupenda milima ni David Kinjah, rasta wa Kikuyu anayelea vijana wa mtaa kupitia kundi lake la Safari Simbaz. Froome alikimbia kwa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola 2006 huko Melbourne. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza, na akashinda Tour de France 2013, 2015, 2016 na 2017. Mashabiki wa hapa wamebaki na utamu wenye uchungu: kijana wetu, lakini wimbo uliopigwa Paris haukuwa wetu.

Halafu ikaja tarehe 1 Julai 2024, miaka 121 kamili tangu Garin na wenzake waondoke Montgeron. Biniam Girmay wa Eritrea akashinda hatua ya tatu iliyoishia Turin, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Hakutosheka. Akashinda mbili zaidi na kurudi nyumbani na jezi ya kijani.

KWA NINI INATUHUSU KISIWANI

Ukitembea asubuhi Mji wa Kale, baiskeli ziko. Kuna mzee anayepita Ndia Kuu taratibu akirudi sokoni, kuna kijana mwenye kasha la mikate nyuma anayekwepa tuktuk kwa ustadi ambao hakuna shule inafundisha, kuna wanaopanga foleni ya feri Likoni na baiskeli mkononi wakiwahi kazini. Hawa wanaendesha kilomita nyingi kila wiki, na mizigo juu. Lakini kwetu baiskeli imebaki na jina la chombo cha asiyejiweza. Mtu akipata chapaa kidogo, cha kwanza anachofanya ni kuiacha.

Waliokimbia 1903 walikuwa watu wa namna hiyo hiyo. Garin hakutoka kwenye klabu ya matajiri, alitoka kwenye masizi. Kilichomleta mstarini ni kiingilio kilichoshushwa na posho ya faranga 5. Wale 15 wa mwanzo wangebaki 15 kama L'Auto lingeng'ang'ania bei yake.

Na hatari nayo tuiseme. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ni ya malori, na anayeiendesha kwa baiskeli anajua upepo wa trela likikupita ulivyo. Mchezo wenyewe nao hauna huruma: Sule Kangangi tulimpoteza Agosti 2022 kwa ajali akiwa kwenye mbio huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Alikuwa nahodha wa Team Amani, timu iliyoundwa kuwafungulia njia wanabaiskeli wa Afrika Mashariki. Alitaka wanaomfuata wasihangaike kama alivyohangaika yeye. Mtu akiongelea mbio za baiskeli Kenya bila kutaja usalama wa barabara na gharama ya vifaa, huyo anaongelea starehe.

Kwa hivyo ukimwona yule kijana wa mikate akikata kona pale karibu na Ngome, usimpigie honi bure. Mpishe. Msafisha mabomba naye hakuna aliyemjua, mpaka kuna watu walioweka mstari, wakaweka saa, na wakalipa posho.

Wewe je, ukiwekewa faranga zako mezani, ungetoka Nairobi saa tisa alasiri?